Sampu Isiyofurika Stima Ikipotea: Mwongozo Kamili wa Kupima, Kujenga na Kujaribu

Mvua za masika zikianza hapa Kisumu, simu yangu huanza kulia asubuhi na mapema. Hadithi ni ile ile. Stima imepotea usiku, mwenye tangi la samaki ameshuka kitandani na kukanyaga zulia lililolowa, na sampu, yaani lile tangi dogo la chini lenye kichujio na pampu, imejaa hadi mdomoni. Au stima imerudi saa tisa usiku, na safari hii tangi la juu ndilo lililomwaga.

Watu hawa si wazembe. Wamenunua pampu nzuri, wamemlipa fundi wa vioo, na wanawapenda samaki wao. Kosa lao lilianzia kwenye swali: "Tangi la lita 300 linahitaji sampu ya lita ngapi?" Utaambiwa thuluthi moja, au robo, nawe utaenda kukata vioo. Lakini kinachoamua ukubwa wa sampu ni maji yatakayoteremka pampu ikisimama. Ukiyajua hayo, ukubwa unajitokeza wenyewe.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: tangi la urefu wa sm 120, upana wa sm 50 na kimo cha sm 50. Weka vipimo vyako badala ya vyangu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tangi lenye kisanduku cha ovafulo ndani (kinachopokea maji yanayozidi na kuyateremsha kwenye sampu), au tangi jipya ambalo bado hujamkabidhi fundi
- Vioo vya sampu, unene wa mm 6, na vya viambaza, mm 5
- Silikoni safi yenye harufu ya siki inapokauka, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu
- Tanki konekta tatu za plastiki, aina ile ile inayotumika kwenye matangi ya maji ya nyumbani
- Mabomba ya plastiki ya inchi moja, elbo, yunioni mbili na koki moja ya plastiki
- Pampu ya kuzamishwa majini yenye mchoro wa nguvu zake kwenye boksi
- Sponji ya kuchujia na mawe mepesi ya volkano
- Tepu ya kupimia, kalamu ya rangi isiyofutika, ndoo ya lita 20 na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde

Usinunue koki wala konekta za shaba, hata muuza duka akikuhakikishia kwamba ndizo imara. Shaba huyeyuka kidogo kidogo majini. Konokono na kamba hufa kwanza, kisha samaki huanza kudhoofika. Kwa bomba la jikoni haina neno, kwa samaki ni sumu.

## Elewa maji yanavyozunguka

Pampu iko chini, ndani ya sampu. Inapandisha maji hadi tangi la juu. Tangi likijaa kufikia ukingo wa kisanduku cha ovafulo, maji yanaruka ukingo, yanaingia kisandukuni na kuteremka kwa uzito wake kupitia bomba hadi kwenye sampu. Basi.

Ovafulo haiteremshi ila kile ambacho pampu imepandisha. Pampu ikipunguza mwendo, nayo inapunguza. Ndiyo maana hakuna haja ya kulinganisha chochote.

Kuna kijana mmoja Kondele aliweka pampu mbili, moja ya kushusha na moja ya kupandisha, akidhani zikiwa za aina moja zitaenda sawa. Haziendi sawa kamwe. Moja ikipata uchafu kidogo tu, tangi moja linakauka na jingine linamwaga. Maji ya kushuka yaachie uzito wake.

Ipo pia ovafulo ya kuning'iniza mgongoni mwa tangi, yenye bomba lililopinda kama herufi U linalovusha maji juu ya ukingo. Inavutia kwa sababu huhitaji kutoboa kioo. Siishauri. Ile U hufanya kazi ikiwa imejaa maji tu. Hewa ikijikusanya juu yake, saifoni (ule mvuto wa maji ndani ya bomba lililojaa) inakatika, pampu inaendelea kupandisha, na maji hayana pa kushukia ila sebuleni. Katika mji ambao stima hukatika na kurudi bila taarifa, hilo litakukuta tu.

## Hatua ya 1: Pima ovafulo

Ukingo wa kisanduku ndio mlango wa maji. Maji yakiruka kwa kimo cha sm 1, kila sentimita ya urefu wa ukingo hupitisha takriban lita 60 kwa saa. Ukingo wa sm 30 basi hupitisha kama lita 1,800 kwa saa. Ukikatwa meno ya kuzuia samaki, toa nafasi inayoliwa na meno hayo.

Ukingo mfupi hauzuii maji kupita, ila unayalazimisha yapande juu zaidi ndipo yapite, na kila sentimita ya kupanda ni maji ya ziada yatakayoshuka pampu ikizima. Kwa hiyo ukingo mrefu ni bora. Kwa tangi letu, kisanduku cha sm 30 kwa 12 kinatosha vizuri.

Ukingo uwe sm 4 chini ya mdomo wa tangi. Maji yakitembea yatakuwa sm 1 juu ya ukingo, na juu yake zibaki sm 3 tupu. Usizione kama kioo kilichopotea. Zina kazi, utaiona hatua ya 4.

Wafugaji wa fulu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, tandazeni wavu laini juu ya ukingo. Fulu hutamia mayai mdomoni, na siku mama anapowatema watoto, wengi hufuata mkondo hadi sampuni. Mimi nimeshawakuta wakiogelea kati ya mawe wakiwa wamenenepa kuliko ndugu zao wa juu, lakini wengine huishia kwenye pampu.

## Hatua ya 2: Toboa na weka mabomba matatu

Kabla ya kutoboa, muulize fundi: kioo hiki ni cha kawaida au kimechomwa kiwe kigumu? Kilichochomwa hakitoboleki. Kinapasuka vipande vidogo vidogo mkononi mwako. Matangi yanayoundwa hapa kwetu mara nyingi ni ya kioo cha kawaida, lakini yaliyotoka nje huenda chini yake ni kioo kigumu. Kama hakuna mwenye uhakika, usitoboe.

Kioo cha kawaida hutobolewa kwa keekee yenye meno ya almasi, polepole, huku maji yakimwagiwa muda wote. Tundu lisikaribie ukingo wa kioo kuliko upana wa tundu lenyewe.

Mabomba mawili kati ya matatu ni ya kushusha, yote yakiwa ndani ya kisanduku:

Bomba la kunyonya. Mdomo wake uko chini ndani ya maji ya kisanduku. Linajaa maji tupu bila hewa, kwa hiyo linashusha mengi na halipigi kelele. Koki inawekwa kwenye hili, chini karibu na sampu.

Bomba la dharura. Mdomo wake uko juu, sm 1 hadi 2 juu ya maji ya kisanduku yakiwa yanatembea. Siku za kawaida ni kavu. La kwanza likizibwa na jani au konokono, hili linabeba mzigo wote. Usiliwekee koki kamwe. Mtoto au mgeni ataifunga.

La tatu ni la kupandisha, kutoka kwenye pampu.

Wengi huniuliza kwa nini tangi linaguguma kama mtu anayekunywa uji. Ni kwa sababu wana bomba moja tu la kushusha, nalo linavuta maji na hewa kwa pamoja. Ukiwa na mawili na koki, unafunga koki kidogo kidogo mpaka maji ya kisanduku yatulie juu ya mdomo wa bomba la kunyonya, na kelele zinakoma. Kisanduku kijae kiasi kwamba maji yanayoruka ukingo yasianguke zaidi ya sm 5, maana kishindo cha maporomoko nacho kinachosha.

Mdomo wa chini wa bomba la kunyonya uzame sm 2 au 3 tu ndani ya maji ya sampu. Ukizama sana, hewa iliyobaki ndani hushindwa kutoka stima ikirudi, na saifoni haianzi.

## Hatua ya 3: Hesabu maji yatakayoshuka

Hapa ndipo watu wote niliowatembelea walikosea, kwa hiyo tusiharakishe.

Zidisha urefu kwa upana wa tangi lako: 120 × 50 = 6,000. Gawanya kwa 1,000, unapata 6. Kila sentimita ya maji juu ya tangi hilo ni lita 6. Iandike mahali.

Pampu ikizima, maji yanashuka kwa njia mbili. Ya kwanza ni ovafulo, nayo inashusha ile sm 1 iliyo juu ya ukingo, kisha inakoma. Ya pili ni bomba la kupandisha lenyewe, na hii watu hawaifikirii. Pampu ikisimama, bomba hilo linageuka kuwa saifoni na kuvuta maji ya tangi kuyarudisha chini. Halikomi mpaka mdomo wake uonje hewa.

Mdomo ukiwa sm 3 chini ya uso wa maji, zinashuka sm 3: 3 × 6 = lita 18.

Mdomo ukiwa sm 25 chini, kwa sababu mtu alitaka mkondo upige mchanga: 25 × 6 = lita 150. Hakuna sampu ya ukubwa wa kawaida itakayopokea maji hayo. Nilipofika kwa mama mmoja wa Mamboleo aliyekuwa ameshabadilisha sampu mara mbili, sikugusa sampu. Nilikata bomba la kupandisha na kulifupisha, na mafuriko yakaisha siku hiyo hiyo.

Utaambiwa uweke valvu ya kuzuia maji kurudi. Iweke ukipenda, lakini usiihesabu. Konokono mdogo au utando wa mwani ukiingia kwenye ulimi wake, haifungi. Kitundu cha mm 4 kwenye bomba, chini kidogo ya uso wa maji, ni msaada mzuri, ila nacho kinazibwa na mwani na lazima ukisafishe. Kimo cha mdomo hakizibwi na kitu.

Sasa ongeza maji ya kisanduku. Bomba la kunyonya litakiteremsha hadi mdomo wake. Kama mdomo uko sm 15 chini ya maji ya kisanduku: 30 × 12 × 15 = 5,400, yaani lita 5 na nusu. Maji yaliyomo ndani ya mabomba yahesabu lita 2.

Jumla: 18 + 5.5 + 2 = 25.5. Tuseme lita 26.

## Hatua ya 4: Chagua sampu

Nafasi ndani ya stendi yetu inapokea sampu ya sm 75 × 40 × 40. Zidisha 75 × 40 = 3,000, gawanya kwa 1,000: kila sentimita ni lita 3. Lita 26 zitapandisha maji kama sm 9.

Kimo cha sm 40, toa 3 za usalama, toa 9: zinabaki 28. Hicho ndicho kimo cha juu kabisa ambacho maji yanaweza kuwa nacho pampu ikifanya kazi. Mimi ningeweka 25, kisha nilale.

Linganisha na sampu ya sm 45 × 30 × 35, ambayo wengi huinunua kwa kuwa iko tayari dukani na bei ni nafuu. Kila sentimita yake ni lita 1.35. Lita 26 zinapanda sm 19. Ukitoa na 3 za usalama, unabaki na sm 13 za kufanyia kazi. Pampu inafunikwa kwa shida, na siku moja ya jua kali inaiacha ikivuta hewa. Sampu hiyo haifai tangi hili, na hakuna ufundi wa mabomba utakaoifanya ifae.

Kama stendi inaruhusu kubwa zaidi, chukua kubwa zaidi. Hakikisha tu kwamba itapita mlangoni mwa stendi, na kwamba juu yake pana nafasi ya mkono wako kuingia na kutoa pampu. Nimeona sampu nzuri sana ambayo haikuweza kusafishwa bila kuondoa tangi.

Hesabu ya upande wa pili: ovafulo ikizibika kabisa, pampu itapandisha juu maji yote ya chumba chake. Chumba cha pampu kikiwa sm 20 kwa 40, na maji yakishuka sm 15 kabla pampu haijavuta hewa, hizo ni lita 12. Juu ya tangi ni sm 2. Tuliacha sm 3 tupu, kwa hiyo hayamwagiki. Chumba cha pampu kisiwe kikubwa kupita kiasi kwa sababu hiyo.

## Hatua ya 5: Gawa vyumba

Vyumba vitatu vinatosha. Cha kwanza kinapokea maji na kina sponji, ambayo lazima ifikiwe kwa urahisi kwa kuwa utaiosha kila wiki. Cha kati kina mawe ambamo bakteria wanaosafisha taka za samaki huishi. Cha mwisho ni cha pampu.

Mawe mepesi ya volkano kutoka upande wa Longonot ni mazuri kwa chumba cha kati, na ndugu zetu wa Nakuru wanayapata karibu kuliko sisi. Yaoshe mpaka maji yatoke safi, kisha yaloweke siku kadhaa, maana mwanzoni yanaelea.

Kati ya mawe na pampu weka viambaza vitatu vilivyoachana sm 3: maji yapite juu ya kwanza, chini ya cha pili, juu ya cha tatu. Mapovu yanabaki nyuma. Vile vya kupitiwa juu viwe na kimo cha sm 25, kile ulichokipata hatua ya 4.

Acha silikoni ikauke siku tatu kabla ya kutia maji. Wiki moja ni bora.

## Hatua ya 6: Chagua pampu

Mfumo wetu wote una maji kama lita 350. Yazunguke mara 4 au 5 kwa saa, yaani lita 1,400 hadi 1,750. Zaidi ya hapo unanunua kelele na bili ya stima.

Namba kubwa iliyo kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Tafuta kwenye mchoro kiasi inachotoa kwa kimo chako, kutoka uso wa maji ya sampu hadi juu ya tangi, ambacho kwa stendi nyingi ni karibu mita 1.2. Kila elbo inapunguza kidogo zaidi.

Ukishaiwasha, hakiki kwa ndoo. Ikijaza lita 20 kwa sekunde 50, inatoa lita 1,440 kwa saa. Hapo uko sawa.

## Hatua ya 7: Jaza na ujaribu

Jaza tangi la juu kwanza, mpaka maji yafike mdomo wa bomba la kupandisha, na ujaze kisanduku mpaka yafike mdomo wa bomba la kunyonya. Kisha endelea kujaza sampu, pampu ikiwa imezimwa, mpaka ibaki sm 6 kufika mdomo wake (40 toa 25 za kufanyia kazi, toa 9 za maji ya kushuka). Chora mstari mwekundu hapo.

Washa pampu. Maji ya sampu yatashuka, na kisanduku kitaguguma dakika moja au mbili huku bomba la kunyonya likitoa hewa. Punguza koki kidogo kidogo, ukisubiri dakika chache kila mara, mpaka bomba la dharura likauke na pawe kimya. Chora mstari wa pili kwenye chumba cha pampu, wa rangi ya samawati. Ukiona mawe hayafikiwi na maji au pampu iko karibu na hewa, rudi hatua ya 3 na ufupishe bomba la kupandisha. Usiongeze maji kupita mstari mwekundu.

Sasa zima stima ukutani na usimame hapo hapo kwa dakika kumi. Maji yapande, yakome kwenye mstari mwekundu au chini yake. Washa tena. Fanya hivyo mara tatu. Kisha ziba bomba la kunyonya kwa kiganja na uone bomba la dharura likibeba maji yote peke yake. Mwisho, huku umekaa karibu na swichi, ziba yote mawili: tangi la juu lisimwage mpaka pampu ivute hewa, na hapo izime mara moja.

Anayeruka majaribio haya atayafanyiwa na stima yenyewe, usiku.

## Mambo ya umeme

Stima yetu ni volti 240. Soketi iwe ukutani, juu kuliko sampu, isiwe sakafuni mwa stendi. Kila waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone linalotambaa juu yake lidondoke chini. Zima kila kitu kabla ya kutia mkono majini.

## Siku za kawaida

Maji yanayokauka hayaonekani juu ya tangi. Yanapungua kwenye chumba cha pampu peke yake. Kwa joto la Kisumu, tangi hili hupoteza hata lita 3 au 4 kwa siku, na chumba chetu chenye lita 0.8 kwa kila sentimita hushuka sm 4 au 5. Jaza hadi mstari wa samawati kila asubuhi. Maji ya mfereji yaache kwanza kwenye ndoo wazi siku nzima, dawa ya kuulia vijidudu itoke.

Stima ikipotea zaidi ya saa moja, hewa ndiyo inayokuwa shida, hasa maji yakiwa na joto. Kipampu cha hewa cha betri kwenye tangi la juu kinaokoa samaki wengi. Ikipotea usiku kucha, usiiwashe pampu mara tu stima inaporudi. Toa sponji uioshe na uondoe maji ya chumba cha kwanza, kwa sababu uchafu uliokaa humo bila hewa umeanza kuoza, na pampu ikiwaka utapanda wote kwa samaki kwa mkupuo mmoja.